Kufunika si Kutakasa



Usiku mmoja baada ya darsa, mazungumzo yalipokuwa yamehamia kwenye habari za mitaa yetu, ndugu mmoja alitusimulia kwa furaha juu ya nyumba yake mpya. Alitaja vyumba, akataja roshani, akataja bei ya saruji ilivyopanda, kisha akasema, kama mtu aliyeiweka neema kubwa mwisho: "Na choo changu, alhamdulillahi, hakijai. Fundi alichimba mwamba mpaka akakuta maji. Mwaka wa sita huu sijamwita mtu kuja kuzoa." Waliokuwapo wakampa hongera. Mzee mmoja tu, aliyekuwa ameegemea nguzo, alimwuliza neno moja: "Mwanangu, na hicho kiingiacho humo, hwenda wapi?"

Hapana aliyejibu. Watu walicheka kidogo, wakavaa viatu vyao, wakaenda zao. Nasi tumeona si vyema swali la mzee yule life pale mkekani, kwani si swali la mafundi peke yao. Ni swali la twahara, na la amana, na la haki ya jirani. Na hayo ni mambo ambayo kila Mwislamu wa miji yetu hudai kuyajua.

Sisi ni watu ambao mtoto wetu hufundishwa kustanji kabla hajajua kuandika jina lake. Vitabu vyetu vya fiqhi, kikubwa na kidogo, hufungua kwa mlango wa maji. Magofu ya Gedi, yaliyofukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka wa 1948, yanatuonyesha visima, mabirika na vyoo vilivyojengwa ndani ya nyumba za mawe, karne nyingi kabla ya bomba la kwanza kufika pwani hii. Basi usafi kwetu si jambo la kuazima. Lakini yaelekea kwamba tumejifunza nusu ya somo. Tumejifunza kuuondoa uchafu mwilini, nguoni na mahali pa kusalia. Hatukujifunza kuuliza umetua wapi ulipotutoka. Mtu hurudia kuosha mkono wake kwa wasiwasi, mara ya nne na ya tano, na papo hapo chini ya ukuta wake uchafu wake wenyewe wasafiri kwenda katika ndoo ya mwenzake.

Twataka kusema neno moja katika makala haya: kufunika uchafu si kuutakasa. Ardhi aliyoiumba Mwenyezi Mungu ina uwezo mkubwa wa kutakasa maji, lakini kwa masharti. Mwenye kuyafuata masharti hayo ameitumia ardhi kama alivyojaaliwa kuitumia. Na mwenye kuyavunja ameificha dhara yake ndani yake tu.

ARDHI ITAKASAVYO

Tuanze na mambo tuyaonayo. Mvua inyeshapo juu ya vilima vya Chyulu, maji yake huzama katika miamba ya volkeno yenye vitundu vingi, husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza Mzima, katika mbuga ya Tsavo, yakiwa maangavu kama kioo. Maji hayo ndiyo yaliyoletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Kule Lamu, mji umeishi kwa maji ya mvua yaliyochujwa na vilima vya mchanga vya Shela. Na Mto Sabaki, wakati wa masika, huwa mwekundu kwa tope. Lakini visima vya Baricho, vilivyochimbwa katika mchanga na changarawe kando ya mto huo, hutoa maji ambayo mchanga umekwisha kuyachuja, nayo hupelekwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Basi sisi watu wa pwani tumekuwa tukinywa kazi ya mchanga siku zote, ila hatukumshukuru mfanyakazi huyu kwa kuwa hatukumtambua.

Mchanga hufanya nini? Wa kale walidhani kwamba huchuja tu, kama kitambaa kichujavyo tui. Ni kweli huchuja. Lakini vijidudu vya maradhi ni vidogo sana, na vingi vingepenya kati ya chembe na chembe. Kazi ya pili ni kunasa: vijidudu na taka ndogo hugusa chembe za mchanga na udongo, vikagandama hapo. Na kazi ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni ya viumbe hai. Udongo si kitu kilichokufa. Kila chembe imevikwa utando mwembamba wa viumbe wasioonekana kwa jicho, na hao hula uchafu, huuvunja, huugeuza kuwa kitu kingine.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1877 na wataalamu wawili wa Kifaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz. Walipitisha maji machafu ya mji polepole katika mchanga uliochanganywa na chokaa. Kwa muda wa siku 20 hivi halikutokea badiliko: amonia iliyoingia juu ilitoka chini vile vile. Kisha, bila ya mtu kuongeza kitu, amonia ikaanza kutoweka na mahali pake ikatokea nitrati. Wakajiuliza: kama hii ni kazi ya mchanga na chokaa peke yake, mbona ilingoja siku zote hizo? Ndipo walipotia mvuke wa klorofomu, dawa iwalevyayo viumbe hai, na ile kazi ikasimama. Walipoiondoa dawa na kutia udongo kidogo uliokorogwa na maji, kazi ikarudi. Hapo ilijulikana kwamba mtakasaji hakuwa mchanga mtupu, bali ni viumbe hai waliofanya makao ndani yake.

Na kama mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya chupa na maabara, basi azitazame habari za miji miwili ya Ujerumani, Hamburg na Altona, iliyokuwa imepakana hata mgeni asijue pa kuitenganisha. Yote miwili iliteka maji katika Mto Elbe. Hamburg iliteka juu, ikawapa watu wake maji bila ya kuyachuja. Altona iliteka chini, mto ukiwa umekwisha kupokea uchafu wa Hamburg. Lakini iliyapitisha maji hayo polepole katika matabaka ya mchanga. Mwaka wa 1892 kipindupindu kiliingia. Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona, ambayo maji yake ya asili yalikuwa machafu zaidi, iliepukana na balaa hilo kwa sehemu kubwa. Palikuwa na njia iliyokuwa mpaka wa miji hiyo: upande mmoja maradhi yaliingia nyumba kwa nyumba, na upande wa pili hayakuvuka. Watu hao walivuta hewa moja na walinunua katika soko moja. Kilichowatenga na mauti ni kimo kidogo cha mchanga.

MASHARTI YAKE

Lakini mwenye kusikia habari hizi asifanye haraka kusema: "Basi choo changu kimo ardhini, na ardhi hutakasa; yamekwisha." Ardhi hutakasa kwa masharti manne, na twaomba msomaji ayashike vizuri.

La kwanza, uchafu mzito sharti utangulie kutua. Maji ya choo hupitishwa kwanza katika tangi lililojengwa na kuzibwa lisivuje, yakakaa humo siku moja au mbili. Mazito yakashuka, mafuta yakaelea, na maji ya katikati ndiyo yatokayo. Maji hayo bado ni machafu na yana maradhi. Yamepunguzwa uzito tu.

La pili, chini ya mahali yanapomwagwa pawe na udongo au mchanga usiozama katika maji. Viumbe wafanyao kazi kubwa ya kutakasa wahitaji hewa, na hewa hupita katika nafasi zilizo kati ya chembe. Nafasi hizo zikijaa maji, hewa hukatika, na kazi hudhoofika. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hutaka futi 2 mpaka 4 za udongo mkavu kati ya mahali pa kumwagia na usawa wa maji ya chini.

La tatu, maji yapite polepole na kwa kipimo. Mchanga uliowekewa maji ya nyumba moja haufai kutwishwa maji ya nyumba kumi. Ukizidiwa huziba, na maji hutafuta njia nyingine.

La nne, pasiwe na ufa. Na hapa ndipo penye msiba wetu. Kisiwa cha Mombasa na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ni mwamba wa matumbawe. Matumbawe si mchanga. Yana matundu, nyufa na mapango, na maji huyapita kama yapitavyo katika mtaro, bila ya kuchujwa. Mahali penye udongo mzuri, kuweka choo mbali na kisima kwa futi 50 au 100 huwa ni hifadhi; lakini penye ufa wa mwamba, hatua hizo zaweza kuwa si kitu.

Sasa tulitazame shimo la ndugu yetu kwa masharti haya. Halina tangi la kutulia. Halina udongo mkavu chini yake, kwani limechimbwa mpaka majini. Halina kipimo. Nalo limo ndani ya mwamba wenye nyufa. Hakuna sharti hata moja lililotimia. Shimo hilo si chujio. Ni bomba lililosimamishwa wima juu ya maji wanayoshiriki watu wote. Halijai kwake kwa kuwa lamiminikia kwa wenzake. Tangi lijaalo, ambalo humlazimu mwenyewe kuita watu na kutoa pesa, ndilo lililo aminifu. Kwani humrudishia mtu hesabu ya uchafu wake mwenyewe.

Iko hatari nyingine ambayo hata udongo mzuri hauizuii. Tumesema kwamba amonia hugeuka kuwa nitrati. Nitrati haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kuitambulisha, nayo hupita mchangani pamoja na maji mpaka kisimani. Mwaka wa 1945 daktari mmoja wa Marekani, Hunter Comly, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu kwa sababu ya maziwa ya chupa yaliyochanganywa na maji ya visima vyenye nitrati. Damu yao ilikuwa haiwezi tena kuchukua hewa ya kutosha. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni laweka kipimo cha miligramu 50 kwa lita kisizidi. Basi hata mwenye kufuata masharti yote hana budi kukumbuka kwamba ardhi ina mpaka wa uwezo wake, na kwamba watu wakizidi mahali pamoja mpaka huo hufikiwa. Mombasa ya mwaka wa 1962 ilikuwa na watu karibu 180,000. Hesabu ya mwaka wa 2019 ilipata zaidi ya 1,200,000 katika kaunti. Mwamba ni ule ule.

NENO LA FIQHI

Wako wasemao kwamba maji yaliyotoka chooni hayawezi kamwe kuwa twahara, hata yapitishwe wapi. Na wako wasemao, kinyume chake, kwamba maji ya kisima yakiwa meupe na matamu basi hapana la kuuliza. Makundi yote mawili yameacha sehemu ya ilimu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yakifika kulateni, ambayo kwa kadirio lililo mashuhuri ni kiasi cha lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka ibadilike moja ya sifa zake tatu: rangi, ladha au harufu. Badiliko hilo likiondoka lenyewe, au kwa kuongezewa maji, hurudi kuwa twahara. Lakini Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza jambo ambalo latufaa sana: badiliko likiondoka kwa kutiwa miski au zafarani, maji hayo hayatwahariki, na vivyo hivyo, kwa kauli yenye nguvu zaidi, yakitiwa udongo au chokaa. Kwa nini? Kwa kuwa miski huenda imeifunika harufu tu, na udongo huenda umeifunika rangi tu, na najisi ingali mle mle. Na washereheshaji wakasema kwamba yakitulia, yakawa maangavu na pasisalie badiliko, basi ni twahara.

Tazama, ndugu, uzuri wa ilimu hii. Maulamaa wetu hawakuuliza kama udongo umetiwa au haukutiwa. Waliuliza: je, umeondoa, au umeficha? Swali hilo ndilo lile lile la mzee wa kwenye nguzo.

Kwa msingi kama huu, Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka wa 1978, na Baraza la Fiqhi la Rabita likaamua huko Makka mwaka wa 1989, kwamba maji machafu yakisafishwa kwa ukamilifu hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, hurudi kuwa twahara yafaayo kwa udhu. Wasiwasi wa afya haukusahauliwa: katika fatwa ile ya mwaka wa 1978 maulamaa walionelea kwamba ni bora kuepuka kuyanywa, kwa kuchelea dhara na kwa kuwa nafsi huyachukia.

Na hapo pana funzo la pili. Twahara ni jambo moja na salama ni jambo jingine. Maji yaweza kuwa twahara kwa udhu, na bado yakamwua mtoto. Sifa tatu ni alama ambazo sheria imetuwekea ili dini iwe nyepesi kwa mchungaji na msafiri; hazikuwekwa ili tumkatalie daktari atuambiapo kwamba kisima hiki kina homa ya matumbo. Imam Shafi mwenyewe, katika mas-ala ya maji yaliyopashwa moto na jua, alisema kwamba hayachukii ila kwa upande wa utabibu. Ikiwa imamu mwenye madhehebu aliliachia neno la tabibu nafasi katika mlango wa maji, sisi ni nani hata tuufunge?

HAKI YA JIRANI

Twaja sasa kwenye jambo zito. Mtu aweza kusema: "Kiwanja ni changu, nimenunua kwa mali yangu, na hati ninayo. Nachimba nipendavyo." Wala hatutaki kuficha kwamba neno hili lina asili katika vitabu vyetu. Imam Nawawi, katika Rawdha, ametaja mtu achimbaye shimo la maji machafu katika milki yake, na kwa sababu hiyo maji ya kisima cha jirani yakaharibika. Ameeleza kwamba jambo hilo ni makuruhu, lakini mtu hazuiwi wala halipishwi. Kisha akataja kwamba al-Qaffal alikhalifu. Na katika madhehebu ya Imam Malik yajulikana kwamba mtu huzuiwa kuzua katika milki yake jambo la kumdhuru jirani.

Sisi si mamufti, wala hatuwavunjii heshima wakubwa wetu. Lakini twaomba makadhi na mashekhe wetu waitazame tena mas-ala hii kwa hali yetu ya leo, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, makuruhu si ruhusa ya kujivunia. Mtu akiambiwa na sheria kwamba hatalipishwa, hakuambiwa kwamba amefanya vyema. Ya pili, mwenye kuchimba hata akafika majini hakuishia katika milki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba watu ni washirika katika maji. Na maji yaliyo chini ya mtaa hayajui mpaka wa hati. Ya tatu, zamani mtu aliweza kusema kwa haki kwamba hakujua. Dhara ilikuwa ya kudhaniwa. Leo mambo ya maji ya chini yamechunguzwa na kuandikwa, na maji ya kisima hupimwa kwa siku chache. Ujinga uliokuwa udhuru kwa babu si udhuru kwa mjukuu. Nasi twajua kwamba Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwenda haja mahali watu wanapoyaendea maji, na amekataza kudhuru na kulipizana dhara. Je, aliyekatazwa kukojoa birikani ameruhusiwa kulichimbia birika bomba kwa chini?

Mwingine atasema: "Hapana awezaye kuthibitisha kwamba ni shimo langu. Mtaa mzima una mashimo." Neno hili ni kweli mbele ya hakimu. Maradhi yakitoka kisimani hayana jina la mtu. Mtoto akifa kwa kuhara, mamaye hatajua ni nyumba ipi. Huenda mwenye nyumba hiyo akaja mazikoni, akabeba jeneza, akalia kwa ikhlasi. Dhara ya namna hii ndiyo impimayo mtu imani yake, kwani haina mshitaki, haina shahidi, wala haina aibu. Mtu mwenye kuacha jambo kwa kuogopa polisi ameliachia polisi. Lakini mwenye kuacha jambo ambalo hapana mwanadamu awezaye kumshika nalo, huyo amejua kwamba yuko amwonaye.

Na mwingine atasema: "Mimi ni maskini. Kiwanja changu ni futi chache. Mifereji ya mji haifiki kwetu, na hiyo ni kazi ya serikali." Huyu hatumkemei, kwani asemayo ni kweli, na wakazi wengi wa miji yetu hawana mfereji wa maji machafu wa kuunganishwa nao. Kudai haki hiyo kwa wenye mamlaka ni wajibu, na atakayenyamaza asilalamike. Lakini kudai kwa mwingine hakuondoi lililo juu yetu. Asiyeweza kutakasa peke yake huenda akaweza pamoja na majirani zake tisa.

LA KUFANYA

Tutasema kwa ufupi yale yawezekanayo.

Kwanza, tuanze misikitini. Maji ya udhu yaliyokwisha kutumika si najisi. Ni mepesi kuliko maji yote machafu ya mji. Mahali pengi humwagwa njiani, yakafanya matope na mazalio ya mbu. Maji hayo yakielekezwa katika kitanda cha changarawe na mchanga, kisha kwenye migomba na minazi ya msikiti, mtaa utajifunza kwa macho, bila ya hotuba.

Pili, ajengaye upya asichimbe mpaka majini. Ajenge tangi lililozibwa, na maji yatokayo humo ayapitishe katika kitanda kilichoinuliwa juu ya mwamba: shimo la kimo cha sentimita 60 hivi, lililotandikwa kitu kisichovuja, likajazwa changarawe na mchanga safi, likapandwa matete au mafunjo. Maji hupita chini ya uso wa changarawe, hayaonekani, hayanuki wala hayazai mbu. Mizizi huwapa viumbe makao. Na katika sehemu zisizo na hewa, viumbe wengine huigeuza nitrati ikawa hewa ipaayo, hata ile hatari ya watoto ikapungua. Ndiyo sababu kitanda cha namna hii chafaa zaidi kwa mwamba wetu kuliko shimo la kudidimiza. Katika nchi za joto kila mtu huhitaji kiasi cha mita za mraba 1 mpaka 3. Wala si jambo la ngano: mtaalamu wa Kijerumani, Käthe Seidel, alianza kuchunguza kazi ya mimea ya majini tangu miaka ya 1950, na hapa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 2000, mradi wa namna hii ulifanywa katika gereza la Shimo la Tewa, ili maji machafu ya gereza yasiingie yalivyo katika hori ya Mtwapa.

Tatu, kitanda hiki si cha kujengwa kikasahauliwa. Tangi huzolewa, changarawe hutazamwa, matete hukatwa. Mwenye kutaka kitu kisichomdai lolote anataka tena lile shimo lisilojaa.

Nne, mwenye kisima akipime, na aliyeambiwa kwamba kisima chake kina uchafu asikifiche kwa kuogopa kukosa wanunuzi.

Na mwisho, tuwakumbushe wenye mali. Wazee wetu waliweka wakfu visima, mabirika na mashamba ya kuhudumia misikiti. Kuweka wakfu kisima ni sadaka iendeleayo. Basi kukihifadhi kisima kilichopo kisiingiwe na najisi, je, si katika mlango huo huo? Kiwanja kidogo kilichowekwa wakfu kwa tangi na kitanda cha nyumba kumi hakitaandikwa jina kwa marumaru, wala hapana atakayekitembelea siku ya Idi. Lakini huenda kikawa kimeokoa watoto ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Ndugu yule mwenye nyumba mpya alirudi kwenye darsa juma la pili. Hakuja kwa hasira. Alituuliza gharama ya tangi na kitanda itakuwa kiasi gani, na mahali pa kukiweka, ilhali ua wake amekwisha kuusakafia. Hatukuweza kumwambia kwamba gharama ni ndogo, wala kwamba kuuvunja ua ni jambo jepesi. Tulimwambia tu kwamba swali alilokuja nalo ni bora kuliko jibu alilokuwa nalo. Majirani zake wawili waliokuwapo wamekubali kuketi naye watazame kama yawezekana wakafanya pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutakase nje na ndani, na atujaalie kuwa watu ambao majirani zao wamesalimika nao, katika wanayoyaona na wasiyoyaona. Wallahu aalam.